Vipimo vya gesi asilia: kugeuza futi za ujazo, mita za ujazo, kilo na MMBtu bila kupoteza hela

Gesi ileile inayotoka Songo Songo ikifika Dar es Salaam inapimwa kwa namna tano au sita. Wenye bomba wanahesabu futi za ujazo milioni kwa siku. Dira ya kiwandani inasoma mita za ujazo. Mkataba wa mauzo unataja dola kwa MMBtu, yaani Btu milioni moja, Btu kikiwa kipimo cha joto cha Kiingereza. Dereva wa teksi kwenye kituo cha CNG, gesi asilia iliyoshindiliwa kwenye mtungi wa gari, analipia kilo. Mhandisi wa mtambo wa umeme anataka megajuli, na bosi wake anataka kilowati-saa. Wote wana sababu zao na hakuna aliyekosea. Hesabu huharibika pale namba inapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila maelezo yake.

Lita ya maji ni lita ya maji, uwe Tanga au uwe Arusha. Gesi haiko hivyo. Mita moja ya ujazo kwenye bomba lenye presha ya bar 5 ina gesi karibu mara tano ya mita moja ya ujazo iliyo kwenye presha ya kawaida ya hewa. Ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Na hata ukishajua ujazo kamili, bado hujajua itatoa joto kiasi gani, kwa sababu hilo linategemea imechanganyika na nini. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, uliza mambo matatu: ujazo huu umepimwa katika presha na jotoridi gani, gesi ina joto kiasi gani kwa kila kipimo, na joto hilo limehesabiwa la juu au la chini. Ukiyapata hayo, kilichobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Herufi M, chanzo cha makosa ya mara elfu

Sekta ya gesi ilirithi herufi za Marekani. Kule M ni ya Kirumi, maana yake elfu. Mcf ni futi za ujazo elfu moja. MMcf ni elfu mara elfu, yaani milioni. Bcf ni bilioni, Tcf ni trilioni. Lakini kwenye vipimo vya kimataifa M ni mega, yaani milioni: MJ ni juli milioni, MW ni wati milioni. Ndiyo maana ukurasa mmoja wa mkataba unaweza kuwa na MMBtu na MJ, zote mbili za milioni, moja kwa M mbili na nyingine kwa M moja. Wazungu wa Ulaya nao wana mcm, ambayo ni mita za ujazo milioni. Ukisoma Mcf ya Mmarekani ukadhani ni milioni, umekosea mara elfu.

Ukikutana na MMscfd, herufi s inasema ujazo umeshaletwa kwenye hali sanifu, na d ni kwa siku. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015 lina kipenyo cha inchi 36 na uwezo wa MMscfd 784, yaani futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Kiwanda cha kusafisha gesi cha Madimba kilijengwa kwa MMscfd 210, na kile cha Songo Songo chenye kuunganishwa na bomba hilo kwa 140. Na tafadhali, ukiandika habari hizi usiandike futi za mraba. Mraba ni wa kiwanja.

Hali sanifu ziko zaidi ya moja

Hapa ndipo watu wazima wenye shahada wanapopishana asilimia tano na kila mmoja anaapa yuko sahihi. Marekani, na mikataba mingi iliyofuata mtindo wao, futi sanifu ya ujazo (scf) hupimwa kwa nyuzi 60 za Farenihaiti, ambazo ni 15.56 za Selsiasi, na presha kamili (inayohesabiwa kuanzia utupu, si kuanzia presha ya hewa) ya psi 14.696, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Mita sanifu ya ujazo (Sm³) ni nyuzi 15 za Selsiasi na kilopaskali 101.325. Halafu kuna mita ya "normal" (Nm³), inayopendwa na watengenezaji wa mitambo wa Ulaya: presha ileile, lakini nyuzi 0.

Kwa hesabu ya jiometri tu, mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3147. Ukizingatia hali:

1 Sm³ = 35.383 scf
1 Nm³ = 37.326 scf
1 Nm³ = 1.0549 Sm³

Tofauti ya 35.31 na 35.38 unaweza kuipuuza kwenye makadirio ya mezani. Tofauti ya Sm³ na Nm³ usiipuuze hata siku moja, ni asilimia 5.5. Nyaraka nyingi za vifaa zinaandika "m³/h" bila herufi yoyote mbele. Usibahatishe. Mwandikie muuzaji akutajie nyuzi na presha, na jibu lake liingie kwenye mkataba.

Hata ndani ya futi sanifu kuna tofauti ndogo zenye hela kubwa. Mikataba mingine hutumia psi 14.73 badala ya 14.696. Hiyo ni asilimia 0.23 tu. Chukua mteja wa MMscfd 50: kwa mwaka anapita MMscf 18,250, na asilimia 0.23 yake ni kama MMscf 42. Kwa gesi yenye Btu 1,020 kwa futi, hizo ni MMBtu 43,000 hivi. Bei ikiwa dola 5 kwa MMBtu, dola zaidi ya 200,000 zimejificha nyuma ya desimali. Ndiyo maana ibara ya kwanza ya mkataba wowote wa gesi, ile ya tafsiri ya maneno ambayo wengi huiruka, inastahili kusomwa kwa kidole.

Kutoka kwenye dira hadi mita sanifu

Dira ya kawaida ya gesi, iwe ya kiwambo ya nyumbani, ya rota au ya tabo ya kiwandani, inahesabu ujazo uliopita kama ulivyo wakati huo. Haijui presha, haijui joto. Kupata ujazo sanifu unafanya hivi:

Sm³ = m³ za dira × (presha ya geji + presha ya hewa) ÷ 1.01325 × 288.15 ÷ (273.15 + nyuzi za gesi) × Zs ÷ Z

Presha zote hapa ziko kwenye bar, nyuzi ni za Selsiasi. Z ni namba inayoonyesha gesi halisi inavyotofautiana na gesi ya vitabuni: Zs ni ya hali sanifu, kwa methani ni karibu 0.998, na Z ni ya ndani ya bomba lako.

Tuifanye kwa namba. Kiwanda kiko Dar es Salaam, usawa wa bahari. Dira imesoma m³ 1,000. Geji inasema bar 4, gesi ina nyuzi 28.

Presha kamili ni 4 + 1.013, yaani 5.013. Gawanya kwa 1.01325 unapata 4.948. Joto: 288.15 gawanya kwa 301.15 ni 0.9568. Z kwa methani katika hali hiyo ni karibu 0.992, kwa hiyo 0.998 ÷ 0.992 ni kama 1.006. Zidisha zote: 4.76. Kwa hiyo m³ 1,000 za dira ni Sm³ 4,760 hivi, au scf 168,000 na ushee.

Kosa la kwanza, na ndilo linalorudi kila mara, ni kusahau presha ya hewa. Geji husoma sifuri ikiwa hewani, kwa hiyo bar 4 za geji ni bar 5 kamili. Ukiiacha ile 1.013, mfano wetu unatoa Sm³ 3,800 hivi, pungufu ya asilimia 20. Kadiri presha ilivyo ndogo ndivyo kosa hili linavyokuwa kubwa. Ukiona bar, psi au kilopaskali bila maelezo, uliza kama ni ya geji au kamili. Psi zina heri yake, kwani huandikwa psig (ya geji) au psia (kamili).

La pili ni kutumia nyuzi za Selsiasi moja kwa moja kwenye mgawanyo. Ukigawanya 15 kwa 28 unapata 0.54, na nusu ya gesi imeyeyuka. Lazima uongeze 273.15 kwanza.

La tatu liko kwenye vyuma, si kwenye karatasi. Kipimajoto kikiwekwa nje ya bomba, au ndani ya mfuko wake lakini bila mafuta ya kupitisha joto, kinasoma jua la saa saba mchana badala ya gesi. Kila nyuzi tatu za uongo ni asilimia moja ya gesi. Kikisoma juu kuliko ukweli, muuzaji anapunjika. Kikisoma chini, mnunuzi ndiye anayelipa. Bomba lifunikwe, mfuko wa kipimajoto uzame hadi katikati ya bomba, na ujazwe mafuta.

La nne: kusahihisha mara mbili. Viwanda vingi vina kifaa cha elektroniki kilichofungwa juu ya dira ambacho kinafanya hesabu yote ile chenyewe na kuonyesha namba mbili, ujazo ghafi na ujazo uliosahihishwa. Karani akichukua ule uliosahihishwa akauzidisha tena kwa 4.76, ankara inapaa. Kinyume chake nacho hutokea, anachukua ule ghafi akauandika kama mita sanifu. Namna rahisi ya kukamata makosa haya mawili: gawanya ongezeko la mwezi la namba moja kwa ongezeko la nyingine. Jibu likaribiane na kizidishi ulichokitarajia kwa presha ile. Kikitakiwa kuwa 4.8 ukapata 1 au 23, simamisha malipo mpaka ijulikane.

Kuhusu Z, kwenye bar 4 au 5 ni chini ya asilimia moja, na watu wengine huiacha. Kwenye bomba kuu lenye bar 70 na nyuzi 28, Z ya methani inashuka hadi karibu 0.88 au 0.89. Ukiiacha hapo umepoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi, kwa hiyo si jambo la hiari.

Nyumbani mambo ni madogo zaidi. Presha baada ya regyuleta ni milibar 20 hivi, na dira haina kifaa cha kusahihisha. Kwa gesi ya nyuzi 30 hapa pwani, kizidishi ni (1.013 + 0.020) ÷ 1.01325 × 288.15 ÷ 303.15, sawa na 0.97. Kila m³ 10 za dira ni kama Sm³ 9.7. Lakini peleka dira hiyohiyo mahali kama Dodoma, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni karibu bar 0.886: kizidishi kinakuwa 0.85. Bei ya m³ iliyopangwa kwa pwani haiwezi kuhamishiwa bara bila kurekebishwa, maana mlaji wa huko atakuwa analipia hewa nyembamba.

Joto ndilo linalonunuliwa

Hakuna anayechoma ujazo. Kinachochemsha maji na kuzungusha tabo ni joto, ndiyo maana mikataba mikubwa hutumia MMBtu. Vizidishi vyake havibadiliki, havijali presha wala mahali:

MMBtu 1 = GJ 1.055 = kWh 293.07
therm 1 = Btu 100,000 = kWh 29.3
kWh 1 = MJ 3.6 = Btu 3,412

Kutoka ujazo kwenda joto ndipo unahitaji cheti cha maabara au kromatografu, kifaa kinachochambua gesi imechanganyika na nini. Methani tupu ina Btu 1,010 hivi kwa scf. Ikiwa na ethani na propani kidogo inapanda, ikiwa na naitrojeni au kabonidayoksaidi inashuka. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay ni kavu, sehemu yake kubwa mno ni methani, kwa hiyo haiendi mbali na namba hiyo. Katika mifano yangu natumia 1,020. Kwa kiwango hicho Sm³ moja ina Btu 36,090, ambazo ni MJ 38.1 au kWh 10.6.

Rudi kwenye kiwanda chetu: scf 168,000 mara 1,020 ni MMBtu 171, sawa na GJ 181 au kWh 50,000 za joto. Hapo sasa mwenye kiwanda anaweza kulinganisha na mafuta mazito, makaa ya mawe au umeme wa gridi.

Tuseme amepata ofa mbili. Ya kwanza dola 7 kwa MMBtu. Ya pili senti 28 za dola kwa mita ya ujazo. Kama ni Sm³, gawanya 0.28 kwa 0.03609: dola 7.76 kwa MMBtu. Kama ni Nm³, gawanya kwa 0.03807: dola 7.36. Ofa ya pili ni ghali zaidi kwa vyovyote, lakini pengo la senti 40 linatokana na herufi moja tu ambayo muuzaji hakuiandika.

Sasa joto la juu na la chini. Methani ikiungua hutoa mvuke wa maji. Ukihesabu na lile joto ambalo lingepatikana kama mvuke ule ungerudi kuwa maji, hilo ni joto la juu. Ukiuacha mvuke uende zake na moshi, hilo ni joto la chini. Kwa gesi asilia la chini ni asilimia 90 hivi ya la juu. Tatizo ni kwamba gesi inauzwa kwa joto la juu, huku watengenezaji wa jenereta na tabo wakitaja ufanisi wao kwa joto la chini, maana namba inapendeza zaidi.

Mfano: jenereta ya MW 1 yenye ufanisi wa asilimia 40 inataka MJ 9 kwa kila kWh. Kwa saa 24 ni GJ 216. Mhasibu anagawanya kwa 1.055 anapata MMBtu 205 kwa siku, anaandaa bajeti. Lakini zile GJ 216 ni za joto la chini. Kwa joto la juu ni GJ 240, sawa na MMBtu 227. Kwa dola 7, pengo la mwaka mzima linakaribia dola 58,000 kwa jenereta moja tu. Gesi haijaibiwa na dira ni nzima. Mkosaji ni ule mstari mdogo chini ya kabrasha la mtengenezaji.

Kutokana na hesabu hiyohiyo unapata kanuni ya haraka ya umeme. MMscfd 1 inaendesha karibu MW 4.5 kwenye tabo ya ufanisi wa asilimia 40, na kama MW 6 kwenye mtambo wenye tabo ya gesi na ya mvuke kwa pamoja. Ukisikia mtambo wa MW 100 unaohitaji MMscfd 5, au MMscfd 100, kuna namba imekosewa mahali.

Dokezo moja kwa wanaosoma vyeti vya maabara: angalia kama Btu ni za gesi kavu au iliyoshiba unyevu. Ya unyevu huwa chini kwa asilimia 1.7 hivi. Gesi ya bombani imekaushwa, kwa hiyo ya kavu ndiyo inayohusika, isipokuwa mkataba useme vingine.

Kilo za CNG

Kilo ndiyo kipimo cha haki kuliko vyote, kwa sababu haipandi wala kushuka na joto au presha. Pampu za kisasa za CNG hupima uzito wenyewe unaopita. Kilo moja ni kama Sm³ 1.47 za methani, scf 52, na ina joto la chini la MJ 50 kama ni methani tupu. Marekani waliweka galoni ya petroli kuwa sawa na kilo 2.567 za gesi asilia. Ukiigawanya kwa lita 3.785 unapata kilo 0.68 kwa lita, yaani kilo moja ya CNG ni karibu lita moja na nusu ya petroli. Gari linalokula lita 9 kwa kilomita 100 litakula kilo 6 hivi, likiwa limefungwa na kusetiwa vizuri.

Malalamiko ya vituoni ni kuhusu mtungi. "Mtungi wangu ni lita 60, mbona nimelipia kilo 8 tu?" Lita 60 ni maji yanayoenea humo, hazisemi kitu kuhusu kilo mpaka ujue presha na joto. Kwa bar 200 na nyuzi 15, methani ina gramu 165 hivi kwa lita, kwa hiyo mtungi unabeba karibu kilo 10. Lakini gesi ikishindiliwa haraka mtungi unapata moto. Ndani ikifika nyuzi 50, bar 200 zilezile zinabeba gramu 136 kwa lita, jumla kilo 8.1. Pampu imefika presha yake, imesimama. Baada ya saa moja mtungi ukipoa, sindano ya geji inashuka hadi karibu 180, na mwenye gari anasema kuna uvujaji. Mara nyingi hakuna. Ondoa pia masalia uliyokuja nayo: kwenye bar 20 mtungi wa lita 60 bado una kilo 0.8 hivi, ambazo hukuzilipia leo. Ukijaza polepole au alfajiri, unapata kilo zaidi kwa presha ileile. Usimwombe mhudumu apandishe presha kupita iliyogongwa kwenye mtungi. Mitungi ya bar 200 na ile ya Kimarekani ya psi 3,600, ambayo ni bar 248, haibadilishani.

Gesi ya bomba na gesi ya mtungi wa jikoni

Mtungi wa kilo 6 au 15 unaonunua dukani si gesi asilia. Ni LPG, propani na butani. Kilo yake ina joto la juu la MJ 49 hadi 50, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni sawa na Sm³ 19 au 20 za gesi ya bomba. Kwa aliyeunganishwa, kama baadhi ya nyumba za Mikocheni, hiyo ndiyo namba ya kulinganishia bei.

Kwa ujazo, propani ina joto mara mbili na nusu ya methani. Ndiyo maana nozeli za jiko la LPG zina tundu dogo. Ukiliunga kwenye bomba bila kubadilisha nozeli, moto unakuwa mnyonge. Kufanya kinyume chake ni hatari: nozeli za gesi asilia zikipewa LPG, moto unarefuka na kuwa wa njano, sufuria zinapakwa masizi, na jikoni kunajaa kabonimonoksaidi inayoua bila harufu. Nozeli zibadilishwe na fundi pamoja na regyuleta, na vyote viwili viendane na gesi iliyopo. Tofauti nyingine ya kushika ni kwamba methani ikivuja inapanda juu, LPG inatulia sakafuni. Kitambuzi cha uvujaji kinafungwa karibu na dari kwa moja na karibu na sakafu kwa nyingine.

Ankara za Uingereza

Ndugu walioko Uingereza hulipia kWh ingawa dira inasoma ujazo. Hesabu imeandikwa kwenye ankara yenyewe: m³ × 1.02264 × joto la gesi ÷ 3.6. Ile 1.02264 ni sahihisho la kudumu la presha na jotoridi, na joto la gesi huwa kati ya MJ 38 na 41 kwa m³. Ukitumia m³ 83 na joto la 39.5, ni kWh 931. Dira za zamani husoma futi za ujazo mia mia, na hizo huzidishwa kwanza kwa 2.83. Angalia uso wa dira: kama imeandikwa ft³ na ankara inaichukulia kama m³, unalipa theluthi moja na deni litakufuata. Kama imeandikwa m³ na ankara inazidisha kwa 2.83, unalipa karibu mara tatu. Piga picha uso wa dira, tuma pamoja na malalamiko.

Namba kubwa za magazetini

Tcf 57.54 za Tanzania ni futi za ujazo trilioni 57.54, sawa na mita za ujazo trilioni 1.63. Hicho ni kiasi kilichokadiriwa kuwa ardhini. Si yote itakayotoka, kwa kuwa sehemu fulani hubaki miambani siku zote. Na imegawanyika: Tcf 47.13 ziko bahari ya kina kirefu, 10.41 ziko nchi kavu na maji ya kina kifupi, ambako ndiko Songo Songo na Mnazi Bay.

Bomba la MMscfd 784 likijaa mwaka mzima linapitisha Tcf 0.286. Anayegawanya 57.54 kwa hiyo anapata miaka 200 na kushangilia. Lakini gesi ya kina kirefu haijaunganishwa na bomba hilo. Ukigawanya 10.41 unapata miaka 36, kabla hujatoa ile itakayobaki miambani.

Ile ya kina kirefu ndiyo inayotazamiwa kupozwa hadi iwe LNG, yaani gesi asilia ya kimiminika, kule Lindi, kwenye mradi unaotajwa wa tani milioni 10 kwa mwaka. Kwa LNG ya kawaida ya sokoni, ambayo si methani tupu, tani moja ni kama scf 48,000, au MMBtu 52. Tani milioni 10 basi ni Bcf 480 kwa mwaka, ambazo ni MMscfd 1,315 kila siku, zaidi ya mara moja na nusu ya bomba zima la Mtwara. Na hiyo ni gesi iliyokwisha kuwa kimiminika. Kiwanda chenyewe huchoma sehemu ya gesi yake kuendesha majokofu, kwa hiyo visima vitatakiwa kutoa zaidi ya hapo.